Betri za Juani

Asubuhi ile nilitoka Chalinze bila kujua naenda wapi. Nilikunja shuka langu, nikamwachia mwenye nyumba ufunguo wake dirishani, nikaenda kusimama kando ya barabara na begi begani. Nimefanya hivyo mara nyingi mno tangu nilipoacha shule darasa la tano, na hata sasa nimevuka miaka sitini, magoti yanalalamika kila nikichuchumaa, lakini asubuhi ikiwa na ubaridi mzuri miguu hunitangulia. Lori la kwanza kusimama lilikuwa linakwenda Dodoma. Dereva akauliza, "Mzee, unashukia wapi?" Nikamwambia, "Nitakapochoka." Alicheka akanifungulia mlango. Tulipofika Mikese akasimama kunywa chai, na mimi, nilipoiona milima ya Uluguru imejaa wingu hadi kiunoni, nikachoka papo hapo. Nilikuwa sijakanyaga mkoa ule kwa zaidi ya miaka arobaini. Nilikuwa nikipita usiku kwenye mabasi, pazia nimelivuta.

Nilinunua chai na chapati mbili, nikakaa kwenye benchi lililopakana na kibanda cha binti mmoja aliyekuwa akiuza vocha, chaja na spika ndogo. Baadaye nilijua anaitwa Rehema. Alikuwa akipanga bidhaa zake huku spika mojawapo ikiimba, na mimi nilikuwa sisikilizi, nilikuwa nikiangalia siafu wakibeba kipande cha chapati yangu. Kisha wimbo ukabadilika, likaingia gitaa. Si gitaa lililolia, lilikwaruza, kama mtu anayeburuta bati juu ya changarawe, na nyuma yake ngoma zikaja kwa pupa. Chai ilinimwagikia mapajani na sikuisikia ilivyo moto. Nililifahamu gitaa lile kama mtu anavyofahamu kikohozi cha mama yake. Nilijua spika iliyolitoa, nilijua wembe ulioikata spika ile, nilijua hata gunia lililokuwa limetundikwa nyuma yake. Nikangoja sauti ya Mwanaidi iingie. Ikaingia sauti ya mtoto wa kike.

"Binti," nikasema, "huo wimbo umeupata wapi?"

"Shikamoo babu. Mbona umejimwagia chai?"

"Marahaba. Achana na chai. Wimbo."

"Uko mtandaoni, babu, siku hizi kila mtu anaupiga. Ni bendi ya zamani ya hapo Moro, Radi Sita, walikuwa wanapiga roki. Kuna kampuni ya ng'ambo imetoa albamu yao upya. Wameusafisha, sikiliza ulivyo msafi, utadhani wamerekodi jana."

Nilisikiliza. Kweli ulikuwa msafi, na usafi ule ndio ulionitisha. Mimi nimesikiliza kanda nyingi za zamani, najua vumbi lake, ule mvumo kama mvua ya mbali ambao sikio huzoea mpaka linadhani ni sehemu ya wimbo. Hapa vumbi lilikuwa limepanguswa lote. Nilisikia ndala za mpiga gitaa zikipiga sakafu. Nilisikia kiti kikilia mtu alipojiegemeza. Ukumbi mzima wa siku ile ulikuwa umefunguliwa mbele yangu pale barabarani, malori yakipita, na katikati yake akasimama msichana nisiyemjua, ana sauti nyembamba, tamu, ya haraka, akiimba maneno ya Mwanaidi.

"Nani anaimba?"

"Hawamjui. Wameandika 'msichana asiyejulikana'. Wanasema labda alikuwa na miaka kumi na nne hivi. Tena mwishoni kabisa kuna vitoto viwili vinanong'ona, watu wanasema ni majini yaliingia kwenye kanda." Akacheka. "Halafu kuna bibi mmoja wa Kinole, huyo ndiye kachekesha watu. Ngoja nikuonyeshe."

Akanipa simu yake. Kwenye video alikaa mwanamke mzee kwenye kigoda, kanga imefunga kichwa, nyuma yake kuna majani ya mgomba. Alisema yeye ndiye aliyeimba na Radi Sita. Aliposema nilishika benchi, maana sauti ilikuwa ile ile ya Mwanaidi, ilianzia tumboni ikabaki huko huko, sauti nzito ambayo zamani iliwafanya wapita njia kugeuka kumtafuta mwanamume. Chini ya video watu walikuwa wameandika. Mmoja alisema sauti ya bibi ni kama lori la mkaa linapanda mlima. Mwingine alisema, "Bibi, labda wewe ulikuwa ngoma." Mwishoni kabisa binti aliyekuwa akimrekodi alimuuliza kwa sauti ya juu, kama mtu anayesema na kiziwi, "Mama, lakini una hakika?" Yule mzee akafikiri kidogo. "Nilikuwa na hakika," akasema. "Sasa watu wote wanasema si mimi. Labda nimechanganya."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Nilikuwa nimejua kwa miaka yote hiyo kwamba niliharibu kitu. Sikujua kwamba nilimharibu mtu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nikizurura Mwembesongo, pale Morogoro mjini, nikaona mlango uko wazi na ndani yake redio imepasuliwa tumbo, matumbo yote nje, na bado inasoma taarifa ya habari. Nikaingia bila hodi nikanyoosha kidole. Mtu mmoja mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi akasema bila kugeuka, "Ukigusa hapo utakufa." Nikauliza, "Kwa nini?" Akageuka sasa. "Watu wote nikiwaambia watakufa huondoa mkono. Wewe unauliza kwa nini. Kaa." Nikakaa mwaka mzima. Huyo ndiye Fundi Mloka. Chumba chake kilikuwa kimoja, kitanda kimoja chake, mkeka mmoja wangu, na redio za watu zimepangwa ukutani hadi darini, kila moja na karatasi yenye jina la mwenyewe. Kulikuwa na harufu ya risasi ya kuchomelea na ya mafuta ya taa. Tulikula ugali wa unga wa yanga, ule wa njano wa misaada, maana mwaka ule madukani hamkuwa na kitu, sabuni tuliipangia foleni, sukari tuliisikia kwa majirani. Mboga ilikuwa kisamvu, na siku nyingine kisamvu tena. Fundi aliuangalia ule ugali wa njano akasema, "Leo wametupikia jua."

Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa tangu utotoni, na la kulia hakuliamini. Alipotaka kuisikia redio sawasawa alichukua rula ya mbao, akaibana ncha moja kwa meno, ncha ya pili akaigandamiza kwenye sanduku la spika, akafumba macho. Alisema sauti ikipita kwenye mfupa haidanganyi. Mara ya kwanza niliposema nami nataka, alinipangusia rula kwa shati lake, nikaing'ata, na wimbo wa taarab ukaingia kichwani mwangu kupitia meno. Niliruka. Fundi alicheka mpaka akakohoa. Baada ya hapo nilikuwa nikitia rula mdomoni kwa kila kitu, cherehani ya jirani, mlango, hata tumbo la mbuzi, kwa kuwa nilitaka kujua kila kitu kinasema nini kwa ndani. Udadisi ule ulinifurahisha mwaka mzima, na ndio ulioniangusha.

Radi Sita walikuwa wateja wa Fundi kwa sababu vyombo vyao vilikuwa vinakufa kila wiki. Mkubwa wao alikuwa Dulla, mpiga gitaa, mtu mrefu, mkali, mwenye nywele zilizosimama kama amepigwa na umeme, na mara nyingine alikuwa amepigwa kweli. Bendi nyingine za mji zilipiga muziki wa dansi, watu wakacheza kwa kushikana viuno. Dulla yeye alikuwa amesikia sahani za santuri za roki kwa wageni waliokaa Mazimbu, akapagawa. Alitaka gitaa likwaruze. Fundi alimwambia gitaa halikwaruzi, likikwaruza ni bovu, liletwe litengenezwe. Basi siku moja Dulla alichukua wembe akaipasua karatasi ya spika yake mwenyewe, mipasuo mitatu, akapiga, na ukumbi ukajaa ule mngurumo wa bati na changarawe. Fundi aliposikia alikaa chini. Nilimchemshia uji. "Ameichinja," alikuwa akisema. "Spika nzima, haina kosa, ameichinja." Lakini baada ya siku tatu akarudi ukumbini na rula yake, akaibana kwa meno, akasikiliza muda mrefu, akasema, "Haya. Kama ni uchafu, basi tuurekodi ukiwa safi."

Mwanaidi alikuwa akiteremka kutoka Kinole na ndizi za kuuza, na Dulla alimsikia akigombana na mteja sokoni. Alimwita kuimba siku ile ile. Alikuwa amenizidi miaka michache, nikimwita Dada. Alifika mazoezini na kikapu, akagawa ndizi mbivu kwa wote, na wapigaji walikula kwanza ndipo wakapiga, kwa kuwa wengi hawakuwa wamekula. Wanawake wa sokoni walimtania. Nakumbuka mmoja akisema, "Mwanaidi, wewe ukimwita mumeo barabarani anakimbia, anadhani ni polisi." Naye akajibu kwa sauti ile, bila kuinua macho kwenye ndizi zake, "Wako ukimwita anakuja polepole, anadhani ni mbu." Alipoimba, ile sauti nzito ilisimama katikati ya kelele za Dulla kama nguzo, kelele zikaizunguka. Sijawahi kusikia kitu kama kile, na nimelala katika miji mingi.

Mashine ya kurekodi ilikuwa ya Fundi, na alikataa katakata kuichomeka ukutani. "Umeme una mngurumo wake," alisema. "Ukiuingiza kwenye kanda hautoki tena. Betri haina neno." Lakini mashine ilikula betri sita kubwa, na mwaka ule betri mpya ilikuwa kitu cha kusimulia. Tulizokuwa nazo zilikuwa zile zile za zamani tulizozianika juu ya bati kila asubuhi pamoja na mihogo, tukizigeuzageuza, maana betri iliyochoka ukiianika juani huamka kidogo. Huamka kama mgonjwa anavyoamka kunywa maji, kisha hulala tena. Fundi alizunguka wiki mbili, akaomba kwa kila aliyemfahamu, akarudi na betri sita mpya zimefungwa kwenye leso. Akanikabidhi. "Alhamisi tunarekodi," akasema. "Hizi usiguse mpaka Alhamisi." Naye Dulla, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaongeza, "Atakayeharibu kurekodi huku, wallahi, hatalala mji huu."

Nilizitazama siku mbili. Zilikuwa nzito na baridi. Nilikuwa nimeona ndani ya redio, ndani ya saa, ndani ya cherehani, lakini betri kuukuu nilizowahi kuzipasua zilikuwa zimeoza, zina ute tu. Nilitaka kujua betri iliyo hai ina nini. Jumatano mchana Fundi alipokwenda msikitini, nilitoka uani nikaichukua moja nikaiponda kwa jiwe. Ndani kulikuwa na unga mweusi na kijiti cheusi katikati, basi. Sikuamini. Nikadhani nimekosea kuiponda, umeme umetoroka upande nisioangalia. Nikaponda ya pili polepole, nikiizungushia jiwe kando. Unga mweusi na kijiti. Nilikaa pale uani mikono imekuwa myeusi, nikakumbuka kiapo cha Dulla. Nilifukia unga chini ya mpapai. Nikachukua juu ya bati betri mbili za juani zilizofanana na zile, nikazipangusa kwa majivu mpaka zikang'aa, nikazifunga kwenye leso pamoja na nne mpya. Mtu akizitazama asingejua. Niliosha mikono mara tatu.

Alhamisi tulianza baada ya adhuhuri katika ukumbi mmoja karibu na stesheni. Fundi alikuwa ametundika magunia ya mkonge kila ukuta ili sauti isirudi. Kipaza sauti kimoja tu, kimening'inia kwa kamba kutoka kwenye boriti, na yeye alimsogeza kila mtu hatua mbili, hatua moja, mpaka rula yake iliporidhika. Mimi nilitia betri mwenyewe. Niliomba Mungu. Wimbo wa kwanza ukaenda vizuri, na wa pili. Kisha nikatumwa kusimama nje kuzuia watu wasipige kelele, na nikashukuru kutoka, maana nilikuwa siwezi tena kuangalia yale magurudumu mawili ya kanda yakizunguka. Nilisimama juani, nikazuia mwenye baiskeli, nikazuia mwanamke na bata wake. Ndani waliendelea mpaka zikatimia nyimbo sita. Walipomaliza, Dulla alifungua mlango jasho likimtiririka. Waliusikiliza wimbo wa mwisho hapo hapo, kwenye mashine ile ile, kwa betri zile zile, na kila kitu kilisikika sawa, Mwanaidi alikuwa Mwanaidi. Nikasema moyoni, imepita. Fundi alikuwa ameketi na rula mdomoni, akinitazama.

Jioni ile ile kabla jua halijazama alipita mwalimu mgeni, mzungu mmoja aliyekuwa akifundisha upande wa Mzumbe, mpenzi mkubwa wa roki ya Dulla. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, anarudi kwao kesho yake. Alisema kwao ana mashine nzuri, atatengeneza kopi kumi na kuzileta pamoja na kanda yenyewe. Dulla, kwa furaha, akampa. Fundi alikuwa amekwenda kurudisha magunia. Aliporudi akaambiwa, niliona uso wake ukibadilika, akaweka mkono ukutani. "Umempa?" akauliza. "Ile ile?" Dulla akasema, "Fundi, atatuletea kumi!" Nilidhani amechukia kwa kuwa hakuulizwa. Kesho yake, Ijumaa, mwenye vyombo, tajiri aliyekuwa akiwaazima magitaa na ngoma, alikuja na gari akavichukua vyote, alikuwa amevipatia mnunuzi Dodoma. Radi Sita wakaisha hivyo, kwa nusu saa, wamesimama mlangoni mikono mitupu. Mwalimu hakuleta kopi. Mwanaidi aliteremka mara moja tu baada ya hapo, na ndizi, akauliza kama kuna habari, hakukuwa na habari. Fundi hakuniuliza chochote kuhusu betri. Tulikula ugali wetu wa njano kimya kimya, na kimya chake kilinila. Asubuhi moja aliniambia, "Kiguu," maana ndivyo alivyoniita, kiguu na njia, "unaonekana unataka kusema kitu." Nikasema sina. Siku ya pili nilifunga begi wakati amekwenda kuswali. Miaka mingi baadaye nikiwa Tunduma mtu wa Morogoro aliniambia Fundi Mloka alikwisha kufa. Sikuuliza alizikwa wapi.

Haya yote nilimsimulia Rehema pale Mikese, mkono wangu umeshika simu yake na sijui kwamba nimeshika. Nilimweleza kwamba betri ikichoka mashine hurekodi ikijikokota, na kanda iliyorekodiwa kwa kujikokota, ukiipiga kwenye mashine nzima, hukimbia, na kila sauti hupanda. Betri zangu zilikufa polepole, kwa hiyo wimbo wa kwanza ulikuwa karibu sawa, na kila wimbo Mwanaidi akazidi kuwa mtoto. Wale wa ng'ambo walikuwa wamesafisha kila kitu isipokuwa kosa langu.

"Sasa si urudishe mwendo?" Rehema akasema. "Babu, hiyo kazi ya dakika moja." Akagusa simu, akatafuta, akapata mahali pa kupunguza mwendo na sauti pamoja. "Sema tu nishushe mpaka wapi."

Alishusha. Nikasema bado. Msichana wa miaka kumi na nne akawa wa ishirini. Bado. Gitaa la Dulla likatulia, likapata uzito wake. Rehema akashusha tena kidogo, na kutoka kwenye kispika kile cha ukubwa wa chungwa Mwanaidi akasimama mzima, nguzo katikati ya kelele, mpaka muuza chapati akageuka kutafuta mwanamume. "Mungu wangu," Rehema akasema. "Kumbe ni yule bibi." Wimbo ukaisha, na kabla hatujauzima vikaja vile vitoto viwili, majini ya watu wa mtandaoni, vinong'ono vilivyokuwa vimezikwa chini ya vumbi la kanda miaka yote hiyo mpaka mtu wa mbali akalipangusa. Safari hii hawakuwa vitoto. Rehema aliongeza sauti hadi mwisho.

"Betri zinakufa," alisema Fundi Mloka, karibu kabisa na kipaza sauti. "Kiguu kaweka za juani."

"Sema basi, tusimame." Huyo Mwanaidi.

"Nikisema, Dulla atamfukuza leo hii. Hana pa kwenda. Acha tu, tutarekodi tena Jumamosi."

"Haya," akasema Mwanaidi, na kicheko chake kikasikika, kile cha tumboni. "Jumamosi nitaimba vizuri zaidi."

Kisha mlio wa kitufe, basi.

Rehema anasema nilimwomba aurudie mara nne. Nimepigwa mara kadhaa maishani, nimeanguka kutoka kwenye lori likienda, sijawahi kutikisika vile. Miaka arobaini na zaidi nilikuwa nimekimbia watu wawili ambao walijua kosa langu kabla sijatoka mji ule. Fundi, mtu aliyeugua siku tatu kwa ajili ya spika, aliiacha kanda yake iharibike mbele ya masikio yake ili mimi nisilale nje. Na akaningoja niseme, nami nikasema sina.

Rehema aliniwekea nyimbo zile, zikiwa zimerudishwa mwendo, kwenye memori kadi, akaichomeka kwenye spika akanikabidhi. Nilipotaka kuweka dhamana shuka langu alikataa. "Shuka la nini, babu. Utarudi unisimulie alisemaje." Nikapata lifti ya pikapu hadi mjini, nyingine ikanipitisha Kiroka na Mkuyuni, na baada ya hapo ni kupanda, migomba pande zote, nanasi zimejipanga kwenye miteremko, na mahali pengine karafuu zimeanikwa kwenye mikeka kando ya njia mpaka hewa yenyewe ikawa kama chai. Kinole sikuwa nimewahi kufika, pamoja na kuzurura kwangu kote. Niliuliza nyumba kwa muuza mihogo. Akaniangalia spika mkononi, akanionyesha kwa kidevu.

Mlangoni alitoka Asha, binti aliyeirekodi ile video, mwanamke mzima wa makamo, mikono ina unga. "Kama na wewe umekuja kumrekodi mama ili watu wacheke," akasema, "geuza hapo hapo."

"Nimekuja kumwambia nilivyomharibia," nikasema. "Mwambie ni Kiguu. Wa Fundi Mloka."

Aliingia uani akamtamkia mama yake usoni. Kisha ile sauti ikajibu kutoka uani, "Kiguu bado anatembea?"

Nilimwamkia, akaitikia kwa kuangalia mdomo wangu. Masikio yalikuwa yamekwisha, Asha alisema, husikia ngurumo na adhana tu. Ule wimbo uliotoka upya hajausikia hata mara moja, amesimuliwa tu na watu kwamba anayeimba ni msichana. Nilimwonyesha spika, akatikisa kichwa. Nikamwomba Asha mwiko. Alidhani nimerukwa na akili, lakini akauleta, akaupangusa. Dada Mwanaidi alipouona mwiko na spika pamoja, uso wake ukafunguka. "Ya Fundi hiyo," akasema, akaukamata mwenyewe, ncha moja kwenye meno yaliyobaki, ncha nyingine juu ya spika, akafumba macho. Nikawasha.

Aliruka kama nilivyoruka mimi siku ile. Kisha akatulia. Mguu wake ukaanza kupiga ardhi, na akiwa bado ameung'ata mwiko akaanza kuvumisha wimbo kooni, sauti ya uzeeni chini ya sauti ya ujanani, zikaenda pamoja bila kuachana hata mahali pamoja, hata pale anapovuta pumzi. Asha alisimama, unga mikononi, machozi yakimshuka. "Mama," alisema, "ni wewe." Mama yake hakumsikia. Wimbo ukaisha na vinong'ono vikaja, na niliona alivyovipokea, maana mguu ulisimama. Alitoa mwiko mdomoni taratibu.

"Ile Jumamosi," akasema. "Nilikuwa nimeisahau."

Nilimwambia Asha atoe simu. Nikakaa kwenye kigoda kile kile cha kwenye video, mbele ya mgomba ule ule, nikataja jina langu na nilichokifanya uani siku ya Jumatano, betri mbili, jiwe, mpapai, majivu. Nilisema aliyeimba ni huyu hapa na si mwingine, na mwendo uliopotea niliupoteza mimi. Asha aliituma video mtandaoni papo hapo. Dada Mwanaidi alikuwa ameniangalia mdomo muda wote.

"Betri mbili," akasema nilipomaliza. "Miaka yote hii umekuwa ukikimbia betri mbili?"

"Ndiyo, Dada."

"Ndani kulikuwa na nini?"

"Unga mweusi. Na kijiti."

Alifikiri. "Basi?"

"Basi."

Akacheka, kicheko kile kile, kuku wakatawanyika. Jua lilikuwa bado liko juu ya migomba. Alilitazama begi langu, na viatu vyangu, na mimi. "Fundi alisema huna pa kwenda," akasema. "Bado huna?"

Nilisema bado.

"Asha!" Hakuhitaji kupaza sauti, ilifika yenyewe. "Mtandikie mgeni chumba cha uani. Ila ile redio ya humo ndani, toa betri kwanza."